Robo Ekari Ruai na Daftari la Kurasa 96

Hesabu ya kwanza niliifanya usiku mmoja wa Mei 2020, tukiwa bado Umoja, mtaa wa Nairobi, ghorofa ya tatu, kafyu imetufungia ndani tangu saa moja jioni. Nilikuwa nimefundisha hisabati darasa la sita kwa miaka tisa, kwa hiyo kalamu ilikwenda yenyewe. Kuku 100. Kila kuku yai moja kwa siku. Mayai 100 ni trei tatu, na kumi ya kula nyumbani. Zidisha kwa 30. Toa chakula. Kilichobaki kilikaribia mshahara wangu, ule ambao shule iliacha kunilipa Machi, serikali ilipofunga shule zote kwa sababu ya korona. Baba watoto alisoma akiwa amesimama nyuma yangu, akaguna, akasema, "Mwalimu, kumbe miaka yote hii tumekuwa tukilipa kodi ya nini?"

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Ni lile la kawaida la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ukurasa wa kwanza hauna hata mstari mmoja uliotimia, na nimewakataza watoto kuuchana.

Pa kwenda tulikuwa napo, na hapo ndipo tulipowazidi wengi waliokuwa na ndoto kama yetu wakati ule. Baba mkwe, miaka mingi kabla sijaolewa, alinunua hisa za kampuni ya ardhi akapata ploti mbili za futi hamsini kwa mia zilizoshikana, Ruai, pembeni mwa jiji, ukiingia ndani kutoka Barabara ya Kangundo. Ukiziunganisha zinakaribia robo ekari, mita za mraba 900 na ushei. Alijenga vyumba viwili vya mawe, akaezeka mabati, kisha upweke ukamshinda akarudi zake Mwala, Machakos. Hati miliki ilikuwapo. Naitaja kwa sababu mwezi uleule wa Mei tulitazama kwenye runinga tingatinga zikibomoa nyumba za watu Kariobangi na hapohapo Ruai, nami niliinuka kitini nikaenda kuinua godoro nihakikishe ile hati bado ipo.

Tulihama Agosti, vitu vyote kwenye kanta moja. Binti yetu alikuwa na miaka 12, mdogo wake saba. Mvulana aliposhuka tu aliuliza, "Mama, majirani wako wapi?" Umoja alikuwa akiwasikia wakikohoa ukutani.

Mimi nilikulia kwenye udongo mwekundu, wa kutifuliwa hata na mtoto. Jembe nalijua. Lakini ule udongo mweusi wa Ruai ulinirudisha darasa la kwanza. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza ndala, na mvulana alipoteza moja hivyo. Tuliiona chini, mkono haukufika. Mvua ikinyesha unanata kwenye gambuti mpaka kila mguu unauinua kama jiwe la kusagia. Katikati ya hali hizo mbili una siku chache tu za kulimika, na ukizikosa umekosa.

Sisi tulizikosa. Tulipanda miche 400 ya sukuma wiki kwenye ardhi tambarare, mistari imenyooka kwa kamba, nusu mita kutoka mche hadi mche, kama nilivyosoma. Mwezi wa kumi mvua ilinyesha usiku mmoja tu, si mvua ya kutisha, na maji yakasimama pale siku mbili kama yamemwagwa kwenye sahani. Kufika Jumamosi majani yalikuwa ya manjano. Baba watoto akadhani ni upungufu wa mbolea, akaenda agroveti, duka la dawa na pembejeo za kilimo, akarudi na mfuko. Jirani wetu, mzee aliyekaa pale tangu Ruai ikiwa malisho, alisimama kwenye ua akatutazama tukinyunyiza ile mbolea mpaka tulipomaliza, ndipo akasema, "Mwalimu, hapa hatulimi chini. Hapa tunalima juu."

Ndiyo ulikuwa msaada wote, na ulitosha. Tuliinua matuta mpaka karibu na goti: nyasi kavu chini, samadi ya ng'ombe, udongo, halafu samadi tena. Mikokoteni kumi na mmoja ya samadi. Kwa nini hakutuambia kabla hatujapanda? Nilimuuliza miezi mingi baadaye. Akasema alitungoja tumsalimie kwanza. Na kweli, tulikuwa tumekaa pale wiki saba bila kubisha mlango wa mtu, kwa mazoea ya ghorofa.

Vifaranga walitangulia sukuma kuja, na habari yao ndiyo nisiyopenda kuisimulia. Walifika mwishoni mwa Agosti, 100, kienyeji walioboreshwa, wa siku moja, ndani ya maboksi mawili yenye matundu. Sauti zao zilisikika kabla mwenye boda boda hajazima pikipiki. Tulikuwa tumewaandalia chumba cha pili: maranda ya mbao sakafuni, magazeti juu yake, vyombo vya maji, jiko la makaa lililofunikwa chungu katikati. Wa agroveti alituambia wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 33 hadi 35, kisha unashusha nyuzi tatu hivi kila wiki. Akaniuliza kama ninataka kipimajoto. Nilikataa. Nilisema nitatumia mkono wangu, mkono uliopima homa za watoto wawili.

Anayeijua Nairobi anaijua baridi ya Agosti. Usiku wa tatu makaa yalizima kama saa tisa, sote tumelala. Binti ndiye aliyeamka kwa sababu kelele zilikuwa zimekoma. Tulipowasha tochi tuliwaona wote kwenye kona moja ya chumba, wamepandana kama kichuguu. Waliokuwa juu walikuwa hai na wanatetemeka. Tulianza kuwaondoa mmojammoja, na kadiri tulivyokwenda chini ndivyo walivyozidi kuwa bapa, wamelowa, shingo zimelegea. Hawakuuawa na baridi yenyewe; waliuawa na wenzao waliokuwa wakikimbia baridi. Binti alihesabu kwa sauti huku akiwapanga kwenye gazeti. Nilipofungua daftari niliandika 31, kisha nikakaa nayo ile namba.

Asubuhi baba watoto alikata maboksi ya karatasi ngumu akazungushia chumba mpaka pakawa duara, pasibaki hata kona moja. Yeye ni fundi wa umeme, akaning'iniza na taa ya joto, ingawa makaa tulibaki nayo kwa ajili ya siku stima zinapopotea. Dirisha tukaliacha wazi kidogo juu, maana hewa ya jiko huua kifaranga na mtu vilevile. Kipimajoto nilikinunua siku hiyohiyo. Lakini baadaye niligundua kwamba vifaranga wenyewe ni kipimajoto ukiwatazama: wakirundikana wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni mbali na taa wanaungua, wakitawanyika kama mtama uliomwagwa basi kalale.

Wakabaki 69. Nikafanya hesabu upya, nikaona bado si mbaya. Wiki zikapita, wakaota manyoya, na siku moja kitu kikawika nyuma ya nyumba. Kikajibiwa na kingine. Na kingine. Mimi, mwalimu wa hisabati wa miaka tisa, nilikuwa nimenunua vifaranga wasiochaguliwa jinsia, nikawapigia hesabu wote kama mitetea. Majogoo walikuwa 36. Baba watoto alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka siku hiyo.

Majogoo tuliwauza Krismasi, na bei haikuwa mbaya, kwa hiyo kosa hilo lilijilipa lenyewe. Mitetea 33 walianza kutaga Februari 2021, wakiwa wanaingia mwezi wa sita. Yai moja kwa siku? Kuku wa aina hii akikupa manne au matano kwa wiki umshukuru. Ana siku za kupumzika, ana majira ya kubadilisha manyoya, na damu ya kienyeji ikimpanda anaatamia hata kibuyu. Siku yetu bora tuliokota mayai 26. Trei nzima kwa siku moja, kwa kundi lile, hatukuipata kamwe. Kwa upande wa pili wa daftari, kuku 33 walikuwa wakila kilo nne kwa siku, gramu 120 kila mmoja, na gunia la kilo 70 likaisha siku ya 18. Faida ilikuwapo. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyoweza kumwambia mama yangu kwenye simu.

Lakini kilichotaka kutuangusha hakikuwa kuku. Yalikuwa maji.

Umoja maji yalikuja kwa zamu, tukajaza mitungi, tukalalamika, yakaisha. Sikuwahi kuwaza yanatoka wapi. Yanatoka mbali: sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, na sisi wa mwisho wa bomba tunapata yaliyosahauliwa na wenzetu. Bomba letu lilikuwa na upepo zaidi kuliko maji. Kisima cha kuchimba cha jirani kipo, ila maji yake yana chumvi, chai inakataa, na madini ya floraidi yanageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kwa hiyo tuliita boza, lori la kuuza maji. Lita 10,000, shilingi 6,000, linajaza matangi mawili ya plastiki ya lita 5,000 tuliyonunua kwa pesa za chama chetu cha kuchangiana, zamu yangu ilipofika.

Januari hiyo ya 2021 boza lilikuja mara mbili. Mara ya pili nilikaa nje jioni na daftari, nikapima kila tone linalotoka. Sikukadiria, nilipima kwa mtungi, siku tatu mfululizo. Kuku walikunywa lita nane kwa siku, wote. Sisi wanne, kula, kuoga, kufua, choo, kama lita 150. Bustani, matuta yenye jumla ya mita za mraba 100, ilikunywa lita 500.

Nilizihesabu tena. Boza moja lilikuwa likituendea siku 15, shilingi 400 kwa siku, na 300 kati ya hizo zilikuwa zikiingia kwenye sukuma wiki. Sukuma yenyewe siku nzuri ilinirudishia shilingi 180. Nilikuwa ninanunua maji kwa jumla, ninayafunga ndani ya majani, ninayauza rejareja kwa hasara. Na kila jioni nilikuwa nikisimama pale na ndoo, mgongo unauma, nikijisifu kwamba ninalima.

Sitasahau uso wa baba watoto nilipomwonyesha. Yeye ndiye aliyeyainua matuta yale kwa mikono. Hakusema kitu, akaenda kulala. Kesho yake tulijibizana, na mengine niliyosema sitayaandika. Hoja yake ilikuwa kwamba mvua zitakuja. Hoja yangu ilikuwa kwamba boza linakuja Alhamisi.

Tulipunguza bustani kutoka mita 100 hadi 20. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote tulizofanya pale, kung'oa mboga nzima zilizo hai. Zilizobaki tulizitandazia majani makavu juu ya udongo unene wa kiganja, tukaacha kumwagia kwa ndoo, tukatumia kopo shinani, jioni jua likishazama. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo yakawa na ndoo yake. Magunia tukayajaza udongo na samadi, bomba lililotobolewa limesimama katikati, tukapanda miche kwenye matundu ya ubavuni. Gunia moja hunywa kidogo na hulisha nyumba kwa wiki. Na badala ya sukuma tukahamia kunde, terere na managu, ambazo hazikuzaliwa kwa kubembelezwa. Akina mama wa mboga wa stejini walizitaka kuliko sukuma. Ile sukuma ya mistari minyoofu nilikuwa nimeipanda kwa sababu ndiyo niliyoizoea kuinunua.

Kisha paa. Nyumba ina mita za mraba 48 za mabati, na kwa miezi sita mvua yote iliyoyapiga ilikuwa imemwagika chini, ikitengeneza lile tope tulilokuwa tukilitukana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hili nimelifundisha darasani, ubaoni, kwa watoto zaidi ya mia tatu, bila kuinua macho nitazame paa langu. Mvua ya milimita 20, kwa usiku mmoja, inakuletea zaidi ya lita 900. Fundi alitupachikia gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, pande mbili kwa bei ya boza moja na nusu. Mvua ya kwanza ya msimu tunaiacha imwagike, inaosha vumbi na mavi ya ndege, baada ya hapo tunageuza mfereji uingie kwenye tangi. Watoto walijua kusikiliza tangi kabla ya kujua kuchungulia: unaligonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kushuka chini, na pale sauti inapobadilika kutoka ngoma kuwa ukuta ndipo maji yalipofika.

Ila gata haliumbi mvua. Ule ndio wakati wa misimu mitano iliyofuatana kufeli, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, iliyoua mifugo kaskazini na mashariki mwa nchi. Sisi wa pembeni mwa jiji hatukuzika ng'ombe, na haifai kujilinganisha na waliozika. Kilichotufikia ni bei. Mahindi yakawa adimu, soya ikapanda, na 2022 vita vya Ukraine vikaongeza vyake. Gunia la chakula cha kutagia lilipita shilingi 3,000. Wafugaji wawili wa mtaani kwetu, wenye kuku mia nne na zaidi, walifunga mabanda. Sisi tuliponea chupuchupu kwa sababu tulikuwa wadogo: mabaki ya jikoni, majani ya mboga, na kuku kuachiwa alasiri wajitafutie vilipunguza gunia kidogo. Kuku 400 huwezi kuwalisha kwa maganda ya viazi.

Sasa kisa cha jogoo. Mama mkwe, na ninamheshimu, alikuja Krismasi ya 2021 na zawadi kutoka Mwala: jogoo mwekundu mwenye mkia wa kupinda, miguu imefungwa, kichwa kinachungulia kwenye kiondo. Wakati huo tulikuwa na kuku 80 na zaidi, kundi la pili limeshakua. Nilijua mgeni hatakiwi kuchanganywa na wenyeji kabla ya wiki mbili. Nilikuwa nimelisoma na kulipigia mstari. Lakini ungekuwa wewe, ungemwambia mama aliyesafiri na jogoo mapajani kwamba zawadi yake inafungiwa peke yake kama mshukiwa? Tulimfungua miguu mbele yake, akawika, tukapiga makofi.

Siku ya sita alisimama peke yake, mbawa zimeshuka. Kisha wengine wakaanza kuhema mdomo wazi, kinyesi cha kijani, na wawili watatu wakapinda shingo wakatazama juu kama wanatafuta ndege angani. Kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Chanjo ya kwanza na ya pili tulikuwa tumechanja, ila marudio ya mwezi wa kumi niliyaruka. Chupa ilikuwa ya kuku wengi kuliko wangu, nikaona ni hasara kuifungua na kumwaga nusu. Kwa siku tisa tulipoteza 47. Tuliwachoma na kuwafukia shimo refu, mvulana akisimama mbali na kuku wake mmoja kwapani. Huyo alimpa jina la Konda, kwa sababu tangu akiwa mdogo alisimama mlangoni mwa banda wenzake wakiingia. Konda hakuugua hata siku moja, na hakuna aliyethubutu kusema aachwe chini.

Mama mkwe mpaka leo hajui. Akipiga simu anauliza jogoo wangu anaendeleaje, nasi humjibu kwamba aliacha watoto.

Ile chupa ndiyo iliyotufikisha kwa majirani kwa mara ya pili. Nilibisha milango mitano. Huyu ana kuku wanane, yule kumi na wawili, mwingine thelathini. Wote walikuwa wameacha chanjo kwa sababu ileile yangu, na kuku wao wote walikuwa wakipita chini ya ua kuja kwangu. Sasa kila baada ya miezi mitatu tunachanga, mmoja anaileta chanjo kwenye chupa ya chai yenye barafu, na Jumamosi alfajiri kabla mabanda hayajafunguliwa tunapita nyumba hadi nyumba. Tone moja jichoni, kuku apepese, aachiwe. Mzee wa "tunalima juu" ndiye mshikaji bora, kuku wakiingia mikononi mwake hutulia kama wameombewa. Tangu tuanze, kideri kimepita mtaa wa pili mara mbili na kwetu hakikuingia.

Kuuza kuna fitina zake. Mabwawa makubwa ya kusafishia maji taka ya jiji yako hukuhuku Ruai, na upepo ukigeuka hata mgeni anajua. Kwa hiyo mteja wa mjini akisikia mboga za Ruai anakunja pua: "Si za maji ya sewa?" Simlaumu, wapo wanaomwagilia mboga maji taka Nairobi, tumewaona. Nilichoka kuapa. Siku hizi namwambia njoo uone tangi, naye akija hununua na mayai.

Wizi ulikuja mara moja, tukaleta mbwa. Mwewe alikuja mara nyingi, tukatega wavu juu. Halafu, baada ya kuomba mvua miaka miwili na nusu, zilikuja zote pamoja: El Niño mwishoni mwa 2023, na kisha Aprili 2024, mafuriko yaliyoua watu Nairobi na Mai Mahiu. Kwetu matangi yalifurika siku ya pili, na siku ya tano banda lilikuwa kinamasi. Maranda yalilowa, vifaranga wakaanza kuhara damu. Tulihamishia wote ndani ya nyumba, sebuleni, kuku 60 na watu wanne kwa siku tisa. Harufu hiyo iko kwenye mapazia mpaka leo. Mtaro tuliochimba kuondoa maji uliyapeleka kwa jirani wa chini, akaja na jembe kuuziba, tukachimba tena. Mzee wa mtaa alitusuluhisha kwa kutulazimisha kuchimba mmoja, wa pamoja, mpaka barabarani. Banda jipya limeinuliwa juu ya nguzo.

Watu huniuliza kama shamba linatulisha. Hapana. Ile shule yangu haikufunguliwa tena, na tangu 2022 ninafundisha shule nyingine, ya karibu, ninayokwenda kwa miguu. Baba watoto bado anadandia matatu alfajiri kwenda kufunga nyaya za watu. Tukila mayai hatununui, mboga hatununui, kodi hatulipi, na kila mwezi kuku huingiza kiasi kinachotosha karo ya mtoto mmoja ikiwa hakuna aliyeugua. Nimeyaandika hayo kwa wino. Kazi ya asubuhi ni saa moja na nusu kabla ya shule, na nyingi ni yangu na ya watoto. Hilo nalo lina safu yake kwenye daftari, safu ambayo usiku ule wa Umoja haikuwapo.

Wiki iliyopita baba watoto alirudi na macho yanayong'aa. Kuna mtu njia ya Kamulu anauza mtamba, Friesian, ana mimba ya miezi mitano. Alikula haraka, akasukuma sahani. "Mwalimu, hebu sikia. Lita 15 kwa siku. Tuseme 12. Zidisha kwa 30."

Sikujibu. Binti, ambaye sasa ananizidi kimo, alinyoosha mkono akachukua daftari juu ya kabati, akafungua ukurasa mtupu. Aliandika ng'ombe, akapiga mstari chini. Akamwuliza baba yake ng'ombe wa maziwa hunywa lita ngapi, baba akasema kama mbuzi wawili. Mimi nikasema 60 hadi 100, kutegemea maziwa anayotoa na jua lilivyo. Binti akaandika 80. Akatoka nje. Tulimsikia akigonga tangi la kwanza, ngoma, ngoma, ngoma, ngoma, ukuta. Akagonga la pili. Hilo lilikuwa ngoma mpaka chini.

Alirudi akakaa, akaandika namba moja, akaizungushia duara. Baba yake aliitazama muda mrefu, akakuna kidevu.

"Na mbuzi je?" akauliza.

Binti akafungua ukurasa mwingine.